Kofia Kwapani

11 Februari

Basi Sajini amekataa, mwanangu. Amekataa kabisa. Nimemlilia, nimemtania, nimemwita mwanangu, nimemwita baba, amekaa tu kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Anasema bila wewe hakuna kitu.

Ngoja. Msusi ameweka kalamu chini, ananiambia Bibi barua haianzi hivyo, kwanza salamu. Haya, andika salamu. Hujambo mwanangu? Mimi shangazi yako sijambo. Mguu umeunga, plasta walishaitoa, ila goti likiona ngazi linaanza kunong'ona. Anayekuandikia ni huyu Msusi, mpangaji wa chumba cha mbele. Anaandika huku ana kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama, na mteja mwenyewe amekaa hapa chini ananisikiliza mdomo wazi kama kifaranga. Ukikuta neno la kisomi humu ndani, ujue ni la Msusi, mimi sikulisema.

Habari za nyumbani ni hizo hizo. Bati la jikoni linavuja pale pale. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku langu la nguo na sina moyo wa kumtoa, navaa gauni moja hili hili. Mama mwenye nyumba ameolewa tena, safari hii kampata fundi bomba, na tangu waoane maji yanatoka kila siku, kwa hiyo ua mzima tunaiombea ndoa ile uzima. Wakigombana kidogo tu, sisi tunajaza ndoo.

Sasa jambo lenyewe. Nakurudia tangu mwanzo, maana barua ya mwaka jana hukuijibu, na sijui uliisoma au uliifunikia sufuria.

Baba yako alikufa mimi mguu uko kwenye plasta, unaning'inia kwenye kamba. Yeye wodi ya wanaume, mimi wodi ya wanawake, hospitali moja ile ile, ukuta tu katikati, na hakuna aliyeniambia. Nilikuja kusikia kwa mfagiaji. Wakati huo manispaa walishamzika kule makaburi ya watu wote, nyuma ya karakana ya magari, kama mtu asiye na mtu. Wakamchomekea kijiti na kibati. Mwanajeshi, mwanangu! Mtu aliyewasimamia wenzake wote kaburini viatu vinang'aa, yeye kasimamiwa na watu wawili wenye makoleo wanaulizana timu gani imefunga.

Na sasa kule kumejaa. Manispaa wameleta tingatinga. Makaburi yenye jiwe wanayaruka, jiwe jipya hawaruhusu tena, yasiyo na jiwe wanayafukua, mifupa yote wanaichanganya shimo moja, ili wapate nafasi ya wengine. Wameanzia getini. Baba yako yuko upande wa ukutani, lakini tingatinga halichoki kama mimi.

Jeshi walipopata habari walishtuka. Sajini huyu ninayemsema ndiye anayetunza makaburi ya wanajeshi kule mlimani, ufunguo wa geti anao yeye, na alikuwa kijana wa baba yako kikosini. Anasema nafasi ipo, tena kando ya kaka yako, bega kwa bega. Watakuja na bendera, na tarumbeta, na bunduki za kupiga hewani, wamhamishe kwa heshima yake yote. Lakini sharti mtoto wa marehemu aje, asimame pale kaburini, aseme kwa mdomo wake, huyu ni baba yangu, mtoeni.

Nikamwambia, "Mdomo si huu hapa?"

Akasema, "Bi mkubwa, wewe ni dada."

"Kwa hiyo dada ni nani? Mpita njia?"

"Mke au mtoto. Mke hayupo. Ndiyo sheria."

"Tumelala tumbo moja mimi na yeye, tumenyonya titi moja, wewe unaniambia sheria!"

Akavua kofia akajifuta jasho. Akasema, "Mama, kuna siku tulimhamisha mtu kwa maneno ya kaka yake, watoto wakaja baadaye wanaulizia baba yao yuko wapi. Sitaki tena kuulizwa hivyo." Basi na hapo alinishinda.

Mwanangu, wewe ndiye mtoto. Umebaki peke yako. Njoo. Sikuulizi kwa nini hukuja kuzika, sikuulizi kwa nini huandiki. Njoo useme maneno yale, halafu urudi zako kazini, hata chai usinywe kwangu ukitaka.

Shangazi yako.

Msusi naye anakusalimu, anasema una nywele za namna gani, ukija atakusuka.


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima. Barua zako zote mbili nilizipata. Samahani kwa kuchelewa.

Bado niko kule kule hospitali, chumba cha kufulia. Siku hizi wamenihamisha kwenye pasi. Mashuka yanaingia upande mmoja yamelowa, upande wa pili yanatoka yamenyooka, na sisi tunayapokea na kuyakunja. Mikono imezoea moto. Mwenzangu anayesimama upande wa pili wa mashine amejifungua, kwa hiyo tuko wachache, na msimamizi hatoi ruhusa kwa mtu yeyote.

Kuhusu baba, sitaweza kuja. Pole kwa usumbufu unaoupata.

Na Shangazi, huko kando ya kaka, hapana. Alishampeleka kaka mara moja. Inatosha.

Nimekuwekea kitambaa cha shuka ndani ya kifurushi, ni kile kinachokataliwa kwa sababu ya doa dogo. Kitakufaa kwa mto.

Mwanao.


20 Aprili

Marahaba mwanangu. Kitambaa kimefika, kizuri, hilo doa nimelitafuta sijaliona, hao hospitali yenu wana macho ya kinyonga. Msusi amekitamani, nimemwambia aende akatamani kwingine.

Paka amehama na wanawe, kaniachia viroboto. Ndoa ya mama mwenye nyumba imetikisika, fundi alilala nje na maji yakakatika, tukamfuata tukambembeleza sisi wapangaji wote pamoja, ndiyo akarudi. Mguu mzima. Tingatinga limepita pale kwenye mti wa katikati. Naenda kila siku naangalia. Yule mwenye mashine ameshanizoea, ananiita mkaguzi. "Mkaguzi, leo umechelewa!" Namwambia nikifika nikakuta umegusa mstari wa ukutani nitakung'ata sikio.

Msusi ananiambia nisizunguke. Sizunguki, najikaza.

Umeandika alishampeleka kaka yako mara moja. Nimesomewa mstari huo, nikasema rudia, akarudia, nikasema acha. Nimekaa nao wiki nzima. Sasa nisikilize, maana wewe uliondoka msichana, na kule kwenu nyumbani mambo haya hayakuwa yanasemwa. Mama yako, Mungu amrehemu, hakutaka jeshi liingie sebuleni.

Baba yako kazi yake haikuwa bunduki. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha waliokufa. Vita vikipigwa, wenzake wanasonga mbele, yeye na machela yake anarudi nyuma kuwaokota. Akishawaleta, anawaosha, anawavalisha, na viatu anavipaka rangi yeye mwenyewe, hata kama jeneza halitafunguliwa. Nilimwambia siku moja, kaka, nani ataviona hivyo viatu? Akanijibu, "Mimi nimeviona." Basi.

Halafu ndiyo anakwenda kuwaambia wazazi. Hapo ndipo mtaa ulipompa lile jina, Hodi. Bwana Hodi. Unalikumbuka, nyie watoto mlidhani ni utani wa kawaida. Haukuwa utani. Watu walikuwa wakimwona anaingia mtaa wao na sare ya heshima, wanafunga madirisha. Mwanamke mmoja alimwagia maji ya vyombo. Akajifuta, akasema alichotumwa kusema, akapiga saluti, akaondoka. Na baada ya mwezi akarudi kwa yule yule mwanamke na nyundo, akamtengenezea paa, maana siku ile ya maji aliona juu kunavuja. Wangapi aliwafanyia hivyo! Likizo zake zote alizimalizia kwenye mapaa ya watu. La kwangu hili ndilo linavuja mpaka leo, hakupata nafasi.

Na alikuwa na kawaida yake. Akifika kona ya nyumba anayoiendea, kabla hajapiga hodi, anavua kofia anaiweka kwapani. Alinieleza, "Dada, nataka anione kabla hajanisikia. Akiona kofia iko kwapani atajua, atapata nafasi ya kushika kitu." Mji mzima ulijua. Kofia kichwani, Bwana Hodi anapita tu, mpe maji. Kofia kwapani, kaa chini.

Sasa kaka yako. Baba yako hakumpeleka. Kijana alikwenda mwenyewe kujiandikisha, akamwambia baba yake ameshamaliza, baba akapiga ngumi ukuta ule wa choo, ndio ule ufa mpaka leo. Alipokufa, mkuu wa kikosi alimwita baba yako akamwambia, kaa hapa, nyumbani kwako tunamtuma mwingine. Akakataa. Alikuja kwangu kwanza. Alikaa pale kwenye kigoda anapaka viatu rangi, anapaka, vimeshang'aa bado anapaka. Nikamwambia kaka, vua hiyo sare, nenda kama baba, mshike mkeo mkono, mwambie. Akaniambia, "Watoto wa wenzangu wote nimewapeleka nimesimama wima. Wa kwangu nimpeleke nimekaa? Hakustahili kama wao?" Ndivyo alivyoona yeye, mwanangu. Aliona akivua sare anampunja mtoto.

Nikamfuata nyuma. Nikabaki kona. Nikamwona anavua kofia, anaiweka kwapani, anapiga hodi mlango wake mwenyewe. Hodi, kwenye nyumba aliyoijenga! Na nikasikia mtoto ndani anacheka, anapiga kelele za furaha, nikasema moyoni afadhali, kuna kicheko humo, labda kitawasaidia. Halafu sikusikia kitu tena.

Mama yako hakumwita tena kwa jina lake tangu siku hiyo, hilo unalijua kuliko mimi. Alimpikia, alimfulia, hakumwita. Akafa hajamwita. Na wewe ukaondoka. Na yeye akabaki chumba cha uani, anatoka asubuhi anapanda mlimani kufagia kaburi la mwanawe, anarudi. Hakuniambia kitu kingine anachotaka duniani ila kulala pale kando.

Njoo mwanangu. Nakupigia magoti, na goti lenyewe unalijua.

Shangazi yako.


18 Juni

Mwanangu, hujambo. Sijambo. Hakuna barua. Nimemuuliza mtu wa posta mpaka akiniona anapita mlango wa nyuma.

Ndoa inaendelea, maji yapo. Msusi ana mafua, ukiona herufi zimeruka ni chafya.

Tingatinga limefika mstari wa tatu kutoka ukutani. Juzi niliona wamemtoa mtu, mwanangu, na kiatu chake kimoja bado kizima. Nikakaa chini pale pale kwenye udongo. Yule mwenye mashine akaizima, akaniletea maji kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Akasema, "Mkaguzi, usije tena huku, utaniulia moyo." Nikamwambia na mimi nimepangiwa hapa hapa kama wewe.

Kama nilisema neno baya katika barua ile, nitukane. Nitukane kwenye karatasi, nitasomewa, nitaitika. Lakini usininyamazie. Nyumba yetu imekufa kwa kunyamaziana.

Shangazi yako.


9 Julai

Shikamoo Shangazi,

Barua ya Juni imenikuta, na ile ya Aprili ninayo mfukoni mwa aproni tangu ilipofika. Nimeifungua mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo. Hukusema neno baya. Ulisema tu ulichosikia ukiwa pale kona.

Yule mtoto uliyemsikia akicheka ni mimi.

Sijawahi kumwambia mtu. Namwandikia Msusi pia, kwa kuwa ndiye atakayekusomea. Naomba, dada, usome taratibu na mteja asiwepo.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nachambua mchele. Nikasikia hodi. Nikafungua. Baba amesimama na ile sare ya heshima, vifungo vinang'aa, viatu vinang'aa, kofia iko kwapani. Wewe unasema mji mzima ulijua maana ya kofia kwapani. Sisi hatukujua. Nyumbani kwetu hakuwahi kuja nayo hivyo. Sare ile nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, ile picha ya siku aliyopandishwa cheo, na kwenye picha ile kofia iko kwapani pia. Nikadhani amepandishwa tena. Nikadhani kaka anarudi na kuna sherehe. Nikaruka, Shangazi. Mchele wote ukamwagika. Nikakimbia uani nikampigia mama kelele, "Mama njoo! Mama, njoo umwone baba alivyopendeza!"

Mama akaja anakimbia. Alikuwa anacheka, mikono ina sabuni. Mimi ndiye niliyemleta mlangoni anacheka.

Baba akasema yale maneno. Alimwita mama "bibi." Alisema, "Bibi, jeshi limenituma kwako." Alisimama wima mpaka mwisho, akapiga saluti, na mimi bado nilikuwa natabasamu, maana uso ulikuwa haujapata habari.

Mama hakumlaumu baba kwa kifo. Alimlaumu kwa kuja vile. Na mimi hakunilaumu kwa kitu, hakunitaja, lakini tangu siku ile kila mtu akipiga hodi alikuwa anasema, "Usifungue wewe."

Kwa hiyo Shangazi, si msimamizi. Ruhusa ipo, mwenzangu alisharudi kazini na mtoto wake ameshakaza shingo. Unaniambia nije nisimame mbele ya mstari wa watu wenye sare ile, kofia zao kwapani, wananipigia saluti. Sina hakika kama miguu yangu itapita getini. Nikiona kitambaa cha rangi ile dukani, navuka barabara.

Kuhusu kumlaza kando ya kaka, nilichoandika kwanza nakifuta. Sikujua habari ya ukuta wa choo. Kila siku nilikuwa nauona ule ufa.

Kengele ya pasi imelia.

Mwanao.


3 Agosti

Mwanangu mwanangu mwanangu. Salamu utaziona mwisho nikijaliwa.

Barua yako Msusi alinisomea mlango umefungwa, mteja tulimfukuza na nywele zake nusu. Alipofika pale kwenye sabuni akashindwa kuendelea, nikamsubiri. Halafu akaendelea. Ningekuwa karibu ningekupakata, umekuwa mkubwa lakini ningekupakata hivyo hivyo.

Siku ya pili nikapanda mlimani kwa Sajini, na goti hili, nikisimama kila jiwe. Nikamwambia, "Njoo bila sare."

Akasema, "Nini?"

"Wewe na watu wako. Mje na mashati. Tarumbeta sitaki, bendera sitaki, bunduki zenu kapigieni ndege."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Bi mkubwa, miezi yote hii unanililia heshima. Leo unaikataa?"

"Naikataa."

"Sasa nikilivua jeshi sare, si linabaki kundi la wanaume wenye njaa?"

"Nitawapikia."

Hakucheka. Mkuu wake tukamwendea, naye akasema haiwezekani, kule mlimani mtu haingii bila gwaride, ama aingie na heshima zake zote ama abaki alipo. Mwanangu, mimi nilikuwa naiota ile tarumbeta. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama pale na gauni jipya, watu wanasema kumbe yule mzee wa chumba cha uani alikuwa mtu. Nikaiacha pale pale ofisini kwa mkuu. Nikamwambia, mwanangu mmoja amebaki, siwezi kumwita kwa kitu kinachomfukuza. Nikashuka mlima nalia njia nzima, sikujificha.

Sasa nakuandikia kutoka makaburini. Msusi nimemvuta nimekuja naye, tumekaa kwenye matofali, karatasi iko juu ya paja lake. Tingatinga limemaliza mstari wa pili. Mstari wa leo ni wa ukutani. Ni wetu.

Na asubuhi hii nani kaja? Sajini. Na shati la maua, mwanangu, shati la mtu anayekwenda harusini. Nikamuuliza umeacha kazi? Akasema, "Niko likizo. Ufunguo nao uko likizo, uko mfukoni." Na nyuma yake wazee, wastaafu wenzake wa baba yako, wale wa machela. Mmoja hana jicho, mmoja anatembelea fimbo, wote wamebeba makoleo, na shuka jeupe, na sanduku dogo amelichonga yule wa fimbo. Hakuna kofia hata moja, wameacha vichwa wazi juani na vipara vyao. Mkuu hajui. Akijua, Sajini atakuwa likizo ya moja kwa moja. Nikamwambia hivyo, akasema, "Baada ya mama yangu kuletewa habari ya kaka yangu, aliyekuja kuziba paa letu ni yeye. Tuache hayo."

Nikamwambia basi chimbeni, mnasubiri nini! Akashika koleo, akasimama. Akasema, "Mtoto." Nikasema jamani, si unaona mashine ile! Akasema, "Mama, sare nimevua, amri nimevunja, geti nitafungua. Lakini simtoi mtu ardhini kabla mwanawe hajasema. Hilo halikuwa la jeshi. Hilo yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Alituambia msimguse mtu wa watu mpaka wenyewe waseme."

Kwa hiyo wamekaa, wazee wazima, kwenye ukingo wa kaburi, makoleo magotini, wanaangalia geti. Kila gari la abiria likisimama kule barabarani wanainuka wote. Anashuka mtu na furushi lake la vitu, anaenda zake, wanakaa. Yule asiye na jicho ananiuliza, "Dada, huyu binti yukoje? Nisije nikamkosa." Nikamwambia mrefu, ana mwendo wa baba yake, mabega nyuma.

Mwenye tingatinga naye, Mungu amweke, tulimwambia. Akasema ana bosi, bosi anataka mstari huu uishe leo. Akasema ngoja nikale, na leo nitakula polepole. Ameenda kula. Mashine imezimwa, imesimama pale na mdomo wake juu ya jirani yetu.

Hukusema unakuja. Nimemwambia Msusi anisomee tena mwisho wa barua yako, hukusema unakuja na hukusema huji. Nilikutumia habari kwamba sare hazitakuwepo na kwamba zamu ya mstari wetu ni leo, nilimpa dereva wa lori la vitambaa anayeleta mzigo hospitali yenu, akaapa atakufikishia mkononi. Madereva wanaapa. Sijui kama alifika. Barua hii yenyewe sijui itakukuta kwenye pasi au mtapishana njiani, au utaisoma kila kitu kimeshakwisha. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Kama uko njiani, usipitie nyumbani kuoga. Usipitie popote. Njoo na mzigo wako kichwani, njoo na aproni, njoo na hasira zako zote, mimi nitazibeba. Neno ni dogo. Huyu ni baba yangu. Hata ukilisema huku umegeuza uso, linatosha.

Na usipokuja, mwanangu, sikulaani. Ulikuwa mtoto, ulifungua mlango, ukafurahi kumwona baba yako. Mtoto afanye nini kingine? Sikia: hakuna aliyempokea Bwana Hodi kwa furaha katika maisha yake yote ya kazi ile ila wewe. Alinyamaza nalo, lakini mimi ni dada yake, namjua. Nina hakika alilibeba mpaka wodini.

Msusi, wewe andika, acha kulia, unalowesha.

Gari limesimama. Wameinuka... ni mtu na baiskeli yake. Wamekaa.

Haya, mwenye mashine yule anarudi, namwona anapita kwenye karakana, anatembea polepole, maskini, anajikokota kama mgonjwa, lakini anarudi. Amepanda. Mwanangu, mimi nina jambo moja tu lililobaki. Nitakwenda nikae juu ya kaka yangu, kwenye udongo wake, na gauni langu hili hili. Wamchimbe na mimi humo humo. Akitaka kuniinua aje bosi wake mwenyewe, aje manispaa nzima, mimi ni mzito na nina mdomo. Nitakaa mpaka jua lizame, na kesho nitakaa, mpaka nione unakuja au nione barua yako inayosema hapana.

Wananiita. "Dada! Dada, amewasha!" Nimesikia, si nakuja! Msusi, acha hapo hapo, nishike mkono niinuke